Kadi ya Mtandao Ikigoma Baada ya Windows Kujisasisha

Ndugu zangu, Windows hupenda kujisasisha wiki ileile ya kukabidhi insha! Yangu ilipomaliza, wayalesi ikapotea. Kadi ilikuwa nzima. Draiva mpya ndiyo haikuelewana nayo.

Usikimbilie kwa fundi. Kwanza chomeka simu kwa waya wa USB, washa "USB tethering", utume kazi yako. Halafu fungua Device Manager, kisha Network adapters. Bofya kadi mara mbili, nenda Driver, chagua Roll Back Driver: draiva ya zamani inarudi. Kitufe kikiwa kimefifia, basi ya zamani haikuhifadhiwa. Ishushe kutoka tovuti ya waliotengeneza laptop yako.

Pauni za fundi, bora uzitume nyumbani.