Kangemi Inalowa, Tom Mboya Kukavu

Saa kumi alasiri, mwezi wa Aprili, katikati ya jiji la Nairobi. Jua linawaka na vumbi linatimka Tom Mboya Street. Mara inaingia matatu iliyotoka Kangemi. Paa linatiririka maji, waipa bado zinakwenda, na abiria wanashuka wakikung'uta miavuli mbele ya watu waliovaa miwani ya jua. Mchuuzi aliyekuwa amejikunyata kando ya mzigo wake anainuka na kuufungua. "Chukua mwavuli, mama, kumechafuka huko juu," anamwambia mpita njia. Hajatazama angani wala kwenye simu. Ameitazama matatu.

Kutoka pale hadi Kangemi hakufiki kilomita 10. Je, wajua ni kwa nini masika yanaweza kuligawa jiji moja namna hiyo?

Anza na neno "juu" la yule mchuuzi, maana amesema kweli tupu. Uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, kule Embakasi, uko kwenye mita 1,620 hivi juu ya usawa wa bahari. Ukielekea magharibi ardhi inapanda polepole bila wewe kuhisi: Dagoretti Corner ni kama mita 1,800, na ukifika Limuru umepita 2,200, kabla ardhi haijaporomoka ghafla kuingia Bonde la Ufa. Mwezi wa Aprili upepo mwingi hutoka upande wa mashariki, umebeba unyevu wa Bahari ya Hindi. Unavuka nyanda za Athi, unaanza kupanda, na hewa inayopanda hupoa. Ikipoa, mvuke wake unageuka matone. Ndiyo maana wingu hupenda kuzaliwa juu ya Kikuyu, Kangemi na Karen kabla ya kuzaliwa juu ya Embakasi, na ndiyo maana kwa mwaka mzima Dagoretti hupata takriban milimita 1,000 za mvua ilhali uwanja wa ndege hupata pungufu kwa kiasi kikubwa.

Lakini kupanda kwa ardhi hakutoshi kueleza mvua iliyosimama upande mmoja wa barabara. Inabidi uingie ndani ya wingu lenyewe.

Asubuhi ya masika mara nyingi ni nzuri mno. Jua linapasha joto lami, mabati na mashamba, na hewa ya chini inakuwa nyepesi na kuanza kupaa. Mvuke unapogeuka maji huachia joto, na joto hilo ni jingi ajabu: kila lita moja ya mvua inayotengenezwa hutoa joto la kutosha kuchemsha lita 7 za maji ya bomba. Joto hilo linazidi kuisukuma hewa juu, nayo inavuta hewa nyingine kutoka chini. Wingu sasa linajilisha lenyewe. Katika muda wa saa moja au mbili tu linaweza kusimama mnara wa zaidi ya kilomita 10, juu kuliko Mlima Kenya mara mbili, huku upana wake ukiwa kilomita chache tu. Upana wa mtaa.

Kisha mzigo unalishinda. Matone yanaanguka yakiburuta hewa baridi, na hewa hiyo ikigonga ardhi inatawanyika pande zote. Ule upepo wa ghafla unaorusha mabango ya vibanda dakika chache kabla ya mvua ndio huo, na ndio unaoleta harufu ya udongo uliolowa. (Harufu hiyo ilipewa jina la kisayansi mwaka 1964 na watafiti wawili wa Australia, Isabel Bear na Richard Thomas: petrikori.) Hewa hiyo baridi inajipenyeza chini ya hewa yenye joto ya mtaa wa jirani na kuiinua kwa nguvu, na wingu jipya linaanza. Hivyo wingu la Kangemi linapokufa linaweza kuzaa la Westlands, na la Westlands likazaa la Kileleshwa, au lisizae kitu. Mji ukangoja mvua na miavuli ikarudi mfukoni.

Kwa sababu hiyo naona tunawaonea watabiri wetu tunapowacheka. Makao makuu ya Idara ya Hali ya Hewa yako palepale Dagoretti Corner, Ngong Road. Wanapotangaza "mvua sehemu chache alasiri", wanaeleza jambo kama lilivyo. Wingu lenyewe halijazaliwa bado.

Linganisha na London, ambako Wakenya wengi wanaishi na kulalamikia majira ya kuchipua ya huko. Kule kinachoyumba ni joto. Hewa kutoka ncha ya kaskazini hupigana na hewa ya kusini, na mtu anaweza kuota jua leo na wiki inayofuata akaona theluji ya Aprili. Lakini mapigano yale yana mstari wa mamia ya kilomita, na mtabiri huuona ukija kutoka baharini siku kadhaa mapema. Kwetu joto halina habari: mchana wa Aprili ni nyuzi 24 au 25, na kesho hivyo hivyo. Kinachoyumba ni maji. Na kwa maji tunawashinda! London, jiji linalosifika kwa mvua duniani kote, hupata kama milimita 600 kwa mwaka mzima. Dagoretti hupata takriban 200 kwa Aprili peke yake.

Hata methali ya dalili ya mvua kuwa mawingu inahitaji uangalifu Nairobi. Mwezi wa Julai mawingu hufunika jiji kutwa nzima, watu wanavaa makoti, na mvua ni manyunyu tu, kwa kuwa mawingu yale ni blanketi jembamba lililokaa chini na kukosa nguvu ya kupaa. Asubuhi ya Aprili yenye jua kali na hewa nzito ndiyo ya kuogopa.

Majira yenyewe nayo yana ukaidi wake. Mnamo Machi 20 hivi jua hupita juu ya ikweta, na ukanda wa mvua hulifuata kwenda kaskazini. Pepo za kaskazi zinakufa, kusi haijashika. Mabaharia wa pwani walikuwa na jina la kipindi cha namna hii, tanga mbili, maana upepo ungeweza kutoka upande wowote. Vuli huonya mapema: joto la Bahari ya Hindi na la Pasifiki huwapa wataalamu fununu miezi kadhaa kabla. Masika hayana ishara ya wazi hivyo. Yanasikiliza mambo ya wiki chache, kama wimbi la mawingu linaloizunguka dunia kila siku 30 hadi 60, lililogunduliwa na Roland Madden na Paul Julian mwaka 1971, na kama vimbunga vya kusini mwa Bahari ya Hindi. Machi 2018 vimbunga vilipita upande wa Madagaska na Kenya ikalowa kupita kiasi. Machi 2019 kimbunga Idai kikapiga Msumbiji, na masika ya Kenya yakachelewa, wakulima wakatazama mbingu hadi macho yakauma.

Halafu ikaja Aprili 2024. Mito ya Nairobi ilivunja kingo, na Mathare watu walipoteza nyumba na maisha. Hapa ndipo tofauti ya mtaa na mtaa inapoacha kuwa udadisi. Mto Nairobi huanzia kinamasi cha Ondiri, karibu na mji wa Kikuyu, na hupita Kawangware na mitaa mingine ya magharibi kabla ya kufika katikati ya jiji na kuteremka mashariki. Mvua ikimwagika huko juu, maji huja mjini yenyewe, hata kama Tom Mboya hakujaanguka tone. Milimita 20 juu ya kilomita moja ya mraba ni lita milioni 20. Aliyejenga kibanda ukingoni kule Gikomba anahitaji kujua kilichonyesha Kikuyu kuliko anavyohitaji kujua kilichonyesha juu ya paa lake.

Na vipimamvua havitoshi. Shirika la TAHMO, linaloweka vituo vya hali ya hewa katika shule nyingi za Kenya, lina ndoto ya kituo kimoja kila kilomita 30 barani Afrika. Ni ndoto kubwa, naiunga mkono kwa moyo wote, lakini kilomita 30 zinameza Kangemi, Tom Mboya na Embakasi kwa pamoja.

Kwa hiyo, msomaji, tafuta mkebe ulionyooka, mdomo na kitako upana mmoja. Uweke mahali wazi, mbali na paa na miti, usimame wima. Kila siku saa tatu asubuhi, saa ambayo vituo rasmi husoma vyao, tumbukiza rula, andika milimita ulizokuta, tarehe na jina la mtaa wako, kisha mwaga. Masika yajayo yanaanza Machi.