Hati za Amana na Kompyuta: Jinsi ya Kufuatilia Akiba Iliyofungiwa

Mtu anayeweka fedha katika akaunti ya kawaida ya benki anaweza kuzitoa wakati wowote, na kwa sababu hiyo hulipwa riba ndogo. Anayekubali kuziacha kwa muda uliopangwa, kama miezi 6, mwaka mmoja au miaka 5, kwa kawaida hulipwa zaidi, kwa kuwa benki ina hakika ya kuzitumia katika muda huo. Nchini Marekani mapatano ya namna hii huitwa hati ya amana. Katika benki za Afrika Mashariki jambo linalofanana nalo hujulikana kama amana ya muda maalumu.

Watu wengi nchini Marekani huweka kumbukumbu za amana hizo kwa kutumia programu za kompyuta. Miongoni mwake ni Quicken, iliyobuniwa na Intuit, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1983, na GnuCash, ambayo hutolewa bure. Programu hizi hujumlisha upesi na bila kuchoka. Hata hivyo hazijui maana ya fedha zinazoandikwa ndani yake. Maana hiyo hutolewa na mwenye hesabu, na hapo ndipo makosa makubwa huanzia.

Kuhamisha si kutumia

Tuchukue mfano wa familia yenye dola 10,000 katika akaunti ya kawaida. Familia hiyo inanunua hati ya amana ya miaka 2, kwa riba ya asilimia 5 kwa mwaka, na riba inaongezwa juu ya amana kila mwezi. Mwisho wa muda familia italipwa:

10,000 × (1 + 0.05/12)²⁴ = dola 11,049.41

Ikiwa dola 10,000 zitaandikwa kama matumizi siku ya kwanza, kompyuta itaonyesha kwamba familia imekuwa maskini ghafla. Fedha zikirudi na kuandikwa zote kama mapato, itaonyesha mapato ya dola 11,049.41. Taarifa zote mbili ni za uongo. Familia haikupoteza kitu ilipoweka amana, na mapato yake ya kweli ni dola 1,049.41 tu.

Njia iliyo sahihi ni kuifungulia kila hati akaunti yake ndani ya programu. Siku ya kwanza dola 10,000 hutolewa akaunti ya kawaida na kuingizwa akaunti ya hati. Jumla ya mali haibadiliki. Kila riba inapoongezwa, huandikwa kama mapato upande mmoja, na kama nyongeza ya amana upande wa pili. Huu ndio utaratibu wa kuandika kila jambo mara mbili, uliofafanuliwa na Luca Pacioli katika kitabu kilichochapishwa Venice mwaka 1494. Kompyuta imerahisisha kazi hiyo, lakini kanuni yake haikubadilika.

Utaratibu huu una faida nyingine. Katika mfano huu riba ya mwaka wa kwanza ni dola 511.62, na ya mwaka wa pili ni dola 537.79. Sheria ya kodi ya Marekani huihesabu riba ya amana inayozidi mwaka mmoja kuwa mapato ya kila mwaka, hata kama mwenyewe hajaitoa. Anayesubiri hadi mwisho ndipo aandike riba yote atakuwa ametoa hesabu pungufu mwaka wa kwanza.

Riba na kalenda

Mara nyingine hesabu ya programu hutofautiana kidogo na ile ya benki. Sababu moja ni kalenda. Ikiwa mwaka unagawanywa katika miezi 12 iliyo sawa, riba ya mwezi wa kwanza katika mfano wetu ni dola 41.67. Lakini ikiwa benki inahesabu siku, na mwaka una siku 365, mwezi wa kwanza wenye siku 31 utaleta dola 42.47, na wenye siku 28 utaleta dola 38.36. Kwa hiyo makadirio ya programu yafaa kwa kupanga mambo ya mbele. Kinachoandikwa kama mapato ni kiasi kilichomo katika taarifa ya benki.

Sababu nyingine imo ndani ya kompyuta yenyewe. Kompyuta hutumia namba za msingi wa mbili. Kama vile theluthi moja isivyoweza kumalizika kuandikwa kwa desimali, yaani 0.333 na kuendelea, ndivyo sehemu moja ya kumi isivyoweza kumalizika kuandikwa kwa msingi wa mbili. Tofauti ndogo hizo zikirundikana huweza kupoteza senti. Ndiyo maana programu iliyotungwa vizuri huweza kuhesabu senti kama namba nzima, au, kama ifanyavyo GnuCash, kuhifadhi kila kiasi kama sehemu yenye kiasi na asili.

Siku ya kuiva

Jambo la mwisho ni tarehe. Anayetoa fedha kabla hati haijaiva hutozwa faini, ambayo mara nyingi ni riba ya miezi kadhaa. Kwa upande mwingine, hati nyingi hujiendeleza zenyewe zinapoiva. Mwenyewe hupewa siku chache tu za kuamua. Zikipita, fedha hufungiwa tena kwa riba ya wakati huo, ambayo huenda ikawa ndogo kuliko ya kwanza. Kwa hiyo akaunti ya kila hati iandikwe kiwango cha riba, tarehe ya kuiva na masharti ya faini, na programu iwekewe kikumbusho wiki kadhaa kabla ya siku hiyo.

Wanafunzi wanaweza kuyahakikisha haya yote kwa daftari na kalamu. Waandike miezi 3 ya kwanza ya mfano huu kwa njia isiyo sahihi, kisha kwa njia iliyo sahihi, na walinganishe jumla ya mali na ya mapato. Atakayeelewa tofauti iliyopo ataweza kuitumia programu yoyote; asiyeielewa atapewa na kompyuta majibu nadhifu yasiyo ya kweli.