Gari Lililozimika Dakika Tatu Kabla ya Mwisho



Wako watu wazima, hasa Ulaya na Japani, wanaokusanya vigari vidogo vya metali. Si vya kuchezea. Ni mifano ya magari halisi ya mashindano ya masafa marefu. Kipimo kinachopendwa sana ni cha 1 kwa 43, yaani gari la mita 4.65 huwa kigari cha sentimita 11 hivi. Kila namba, kila taa na kila tangazo la mdhamini huwekwa mahali pake. Kisha kigari hupangwa kabatini, nyuma ya kioo.

Mengi ya magari hayo yalishindana Le Mans, Ufaransa, ambako mashindano ya saa 24 yalianza mwaka 1923. Huanza Jumamosi alasiri na kumalizika Dominika alasiri. Usiku watu wanalala, magari hayalali. Siku hizi madereva watatu hupokezana gari moja.

Mwaka 2016, Toyota namba 5 ilikuwa inaongoza zikiwa zimebaki dakika tatu na kidogo. Ghafla dereva, Kazuki Nakajima, akasema redioni kwamba gari limeishiwa nguvu. Likasimama mbele ya watazamaji, na Porsche namba 2 ikapita na kushinda. Chanzo kilikuwa kiungo kimoja tu cha bomba la hewa katika mfumo wa turbo. Gari lile likaondoka tena, likajikokota mpaka likamaliza mzunguko. Lakini kanuni ilidai mzunguko wa mwisho usizidi dakika 6, nalo lilitumia zaidi ya 11. Likaondolewa kabisa katika orodha ya waliomaliza.

Sasa tazama kabati la mkusanyaji wa kweli. Hakusanyi washindi peke yao. Lililogonga ukuta lina nafasi yake, na lililozimika njiani lina nafasi yake. Yeye anakumbuka safari yote, si dakika ya mwisho tu.

Je, kabati letu likoje? Mzee ameimba kwaya miaka thelathini. Amebeba mawe ya kujengea kanisa. Kisha maradhi yakamlaza, au ndoa ikamvunjika, au umaskini ukamtia aibu, akaacha kufika jumuiya. Siku ya msiba, swali la kwanza linaloulizwa mbele ya wajane na yatima ni hili: “Kadi yake ya zaka iko wapi?” Saa 23 zote zimefutwa.

Sisemi kanuni zitupwe. Zaka ni wajibu, na jumuiya ni shule ya imani. Yesu mwenyewe anatutaka tuvumilie hadi mwisho (Mt 24:13). Lakini kuvumilia si kutozimika kamwe. Petro alizimika usiku wa mateso, tena mbele ya moto wa watu, na Bwana hakumfuta. Kuvumilia ni kukubali kuondoka tena, hata kwa kujikokota. Na Waraka kwa Waebrania (6:10) unatukumbusha kwamba huduma tuliyowapa watu wa Mungu haipotei mbele zake.

Ofisi ya mashindano ina haki ya kushika saa mkononi, maana hiyo ndiyo kazi yake. Sisi tumepewa kazi nyingine. Kabla ya kuuliza kadi ya marehemu, viongozi wa jumuiya tujiulize: alipoacha kuja, nani alikwenda kubisha hodi kwake? Mara ngapi?

Nawe uliyezimika, ukaona haya kurudi kwa kuwa wenzako wamekupita, usiache njia. Mwendo wa polepole nao ni mwendo.

Juma hili, kila jumuiya imtaje mmoja ambaye hajaonekana muda mrefu. Wasimjadili. Waende wakamsalimie, bila daftari la michango.

Dominika njema.