Mimi na Toutou: mashua mbili zilizopanda milima ya Mitumba kabla ya kuona ziwa Tanganyika

Kati ya Agosti na Septemba 1915, wakaaji wa vijiji vilivyo kati ya Fungurume na Bukama waliona ajabu: mashua mbili za vita zikipita porini, mbali kabisa na maji, zikivutwa na mashini za mvuke. Pale mashini ziliposhindwa, ng'ombe walifungwa mbele. Pale ng'ombe waliposhindwa, ilikuwa zamu ya watu.

Mashua hizo zilikuwa za jeshi la maji la Uingereza. Zilikuwa zinaelekea Kalemie, wakati ule ikiitwa Lukuga, kupigana na Wajerumani ziwani Tanganyika. Mambo yalivyokwenda njiani, shofere yeyote wa kamio anayejua barabara za Katanga wakati wa mvua atayaelewa bila kuelezwa mara mbili.

Kwa nini mashua zipite barabarani?

Vita vya kwanza vya dunia vilipoanza mwaka 1914, Wajerumani waliokuwa Kigoma walilishika ziwa lote. Mwezi wa Agosti mwaka huo waliiharibu Alexandre Delcommune, meli ya Wabelgiji. Tangu hapo upande wa Kongo haukuwa na chombo cha kuwazuia.

Mwaka 1915 mwindaji mmoja wa tembo, John Lee, alikwenda London na wazo: kama meli kubwa haiwezi kufika ziwani, walete ndogo, wazipitishe kwa treni na kwa barabara. Wakubwa wa jeshi la maji walikubali. Uongozi walimpa ofisa Geoffrey Spicer-Simson, mtu mwenye maneno mengi ambaye kazi yake haikuwa imemletea sifa kubwa.

Jambo lake la kwanza lilikuwa majina. Aliomba mashua ziitwe Paka na Mbwa. Wakubwa wakakataa. Akarudi na Mimi na Toutou, nao wakakubali. Msomaji aliyesoma Kifaransa ameshacheka: kwa watoto wa Ufaransa, hayo ni majina yaleyale ya paka na mbwa.

Kila moja ilikuwa na urefu wa mita 12 hivi, mbao zake za mahogani, mbele mzinga mdogo. Mzinga huo ulipaswa kupiga kuelekea mbele tu. Ukipiga kwa upande, mashua yenyewe ingekuwa hatarini.

Kilomita 230 za taabu

Kutoka Uingereza mashua zilisafiri kwa meli hadi Cape Town, kisha kwa treni hadi Elisabethville, Lubumbashi ya leo, na kuendelea mpaka Fungurume. Hapo reli ikakoma. Mbele palikuwa na karibu kilomita 230 za pori na milima ya Mitumba, inayofika mita 1 800 hivi.

Msafara uliondoka tarehe 18 Agosti 1915. Mashini mbili za mvuke zilikuwa na nguvu, lakini uzito wao ulikuwa adui wa kila daraja. Mafundi walijenga au kuimarisha madaraja karibu 150, mengi ya miti iliyokatwa palepale. Mengine yalivunjika mashini ilipokanyaga tu. Udongo nao ulimeza magurudumu, na kazi ya siku nzima ikawa kuchimba na kusukuma.

Kwenye milima mikali walitumia kamba na puli zilizofungwa kwenye miti, huku ng'ombe wakivuta. Kupanda kulikuwa kugumu, lakini kushuka ndiko kulikotia hofu: mashua ikikuponyoka mteremkoni, haina breki.

Kisha maji yakakosekana. Ilikuwa kiangazi, na mashini ya mvuke hunywa kuliko ng'ombe. Watu walipimiwa maji ya kunywa ili mashini zisizimike. Wanawake wa vijiji walichota maji mbali na kuyabeba kichwani mpaka barabarani. Kwa hiyo mashini zilizotajwa kama ujanja mkubwa wa Ulaya zilisonga mbele kwa mitungi ya akina mama wa Katanga. Pamoja nao walikuwa wafanyakazi Wakongo karibu 400, waliofyeka njia, kukata kuni na kuvuta kamba. Vitabu vinavyosimulia safari hii vinataja maofisa kwa majina na vyeo; wale 400 huhesabiwa tu.

Tarehe 28 Septemba msafara ulifika Sankisia, penye reli fupi ya kwenda Bukama. Lee mwenye wazo hakuwepo tena. Spicer-Simson alikuwa amemfukuza njiani.

Mtoni pia, mchanga

Bukama kuna mto Lualaba, na wengi walidhani taabu imekwisha. Lakini maji yalikuwa yamepungua. Mashua zilifungiwa mapipa matupu ili zielee juu zaidi, na bado zilikwama kwenye mchanga mara kwa mara. Mabaharia wakarudia kazi waliyoizoea barabarani: kushuka na kusukuma.

Kutoka Kabalo treni iliwabeba hadi karibu na ziwa, mwishoni mwa Oktoba. Huko Baholoholo walimtazama Spicer-Simson akitembea na sketi ya kaki, mwili umejaa chanjo za wino. Wakampa jina Bwana Chifungatumbo.

Kicheko kikaisha

Mimi na Toutou ziliteremshwa majini tarehe 22 na 23 Desemba. Tarehe 26, siku ya Mungu, mkubwa huyo akiongoza sala, meli ya Wajerumani Kingani ilionekana. Alimaliza sala kwanza, kisha akatoka kupigana. Baada ya muda mfupi Kingani ilitekwa, kapiteni wake akiwa amekufa. Waingereza waliitengeneza na kuiita Fifi. Tarehe 9 Februari 1916 wakazamisha Hedwig von Wissmann.

Ilibaki Graf von Götzen, kubwa kuliko zote. Spicer-Simson alipoiona, hakuthubutu kuishambulia. Mwezi wa Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha wakiondoka Kigoma. Baadaye iliopolewa, na tangu 1927 ikaitwa Liemba, meli iliyobeba abiria na mizigo ziwani kwa miaka mingi.

Habari hizi zilimpa mwandishi Mwingereza C. S. Forester wazo la kitabu chake cha 1935, The African Queen. Filamu yake ilipigwa mwaka 1951, sehemu yake hapa Kongo, karibu na Ponthierville, ambayo leo ni Ubundu. Kitabuni mashua inashuka mto, ikiwa na watu wawili tu ndani. Mashua za kweli zilipanda mlima, na nyuma yake kulikuwa na mamia ya watu wakisukuma.