Ada Kwanza, Mkopo Baadaye?

Tunapotembelea familia hapa Kibiti na vijiji vya Delta, tunaoneshwa ujumbe wa simu: umepata mkopo wa shilingi 2,000,000, tuma kwanza 30,000 za fomu. Ukituma utadaiwa bima, kisha muhuri, mpaka fedha ya kamba uliyoiwekea sare za watoto iishe.

Mkopo wa halmashauri kwa vikundi vya wanawake, unaotokana na asilimia 4 ya mapato yake ya ndani, hauna riba. Huombwa kupitia afisa maendeleo ya jamii wa kata, si kwa namba ya mtu usiyemjua.

Tapeli hukuharakisha, tena hukukataza kumwambia baba watoto. Hapo shtuka! Namba yake itume kwa ujumbe kwenda 15040.