Bega Lililoganda na Mwili Unaojihami

Bega lililoganda hujulikana kwanza katika mambo madogo: kufunga sidiria, kuchomoa pochi mfuko wa nyuma, kushika bomba la daladala. Maumivu yalikuwepo tangu wiki kadhaa nyuma, ila mgonjwa alidhani alilalia mkono vibaya. Akipigwa eksirei, mifupa huonekana mizima. Hapo ndugu na mwajiri huanza kumtilia shaka, na baadhi ya wagonjwa hujishuku wenyewe.

Ugonjwa upo, na mahali pake panajulikana. Kiungo cha bega kimefunikwa na kifuko laini chenye ulegevu wa kutosha kuuruhusu mkono kwenda kila upande. Katika ugonjwa huu kifuko huvimba, kisha hujaa kovu, kikawa kinene na kusinyaa. Mwendo unaopotea mapema ni wa kuugeuza mkono kwa nje huku kiwiko kikiwa ubavuni. Daktari naye akijaribu kuugeuza, haugeuki.

Wengi wanaoupata wana umri wa miaka 40 hadi 60, wanawake wakiwazidi wanaume. Wenye kisukari hupatwa mara nyingi zaidi kuliko watu wengine, na ndiyo maana naona bega likianza kukaza bila sababu, mwenyewe apimwe sukari.

Huanza maumivu, hufuata ukakamavu, kisha bega hulegea polepole. Safari hiyo huchukua mwaka mmoja hadi mitatu, na wapo wanaobaki na ukakamavu kiasi baada ya hapo.

Kinachowamaliza watu ni usiku. Maumivu huzidi wakilala, na mtu akigeukia upande mbaya huamka akitweta. Asiyelala wiki baada ya wiki huumwa zaidi mchana, hukasirika upesi, hukata tamaa. Mtu mzima anayevalishwa shati na mwanawe hupoteza pia kitu ambacho hakuna kipimo cha hospitali kinachokionyesha.

Halafu kuna hofu. Ukiunyoosha mkono ghafla kudaka kitu, maumivu hukata pumzi, na tangu hapo misuli hujikaza kabla hujafikiri. Mwaka 2018 watafiti wa Australia walichapisha matokeo ya wagonjwa wachache waliopimwa wakiwa macho, kisha wakiwa chini ya nusukaputi. Walipolala, mikono yao iliinuliwa juu zaidi kuliko walipokuwa macho. Sehemu ya ule mgando, basi, ilitokana na misuli iliyokuwa ikilinda bega. Asije mtu akasema walikuwa wanajifanya: ulinzi huo hauamriwi na mwenye mkono, na kifuko kilichosinyaa hakinyooki kwa kutiwa moyo.

Kwa hiyo mazoezi ya kuvuta kwa nguvu katika kipindi cha maumivu makali huongeza hofu ileile. Sindano ya steroidi mapema hutuliza maumivu kwa wiki kadhaa, na katika nafasi hiyo mazoezi mepesi yanavumilika. Mwenye kisukari aangalie sukari yake, kwani huweza kupanda kwa siku kadhaa. Mto chini ya mkono husaidia kulala. Na mtaalamu wa viungo amweleze mgonjwa, kwa maneno wazi, kwamba kuumia kidogo anapojongeza mkono taratibu hakumaanishi kitu kinachanika ndani. Mgonjwa aliyeelezwa hivyo huthubutu kufika sentimita moja mbele ya pale alipozoea kusimama.