Nzi wa Mabawa ya Madoa: Kweli au Si Kweli?

Msimu wa maembe ukifika, kisiwani Mfangano katika Ziwa Victoria na ng'ambo yake Mbita, nzi mdogo mwenye madoa mabawani huhukumiwa bila kusikilizwa.

"Huyo ndiye anayeharibu maembe." Kweli nusu. Mharibifu mkuu, *Bactrocera dorsalis*, hana madoa mabawani. Mabawa yake ni angavu, yenye ukanda mwembamba wa kahawia ukingoni mwa mbele. Mtambue kwa mwili: umbo linalofanana na la nyigu, mistari miwili ya njano mgongoni, na alama nyeusi ya herufi T juu ya tumbo. Ni mgeni kutoka Asia. Alionekana Kenya mwaka 2003, na mwaka 2005 akaitwa *Bactrocera invadens* kwa kudhaniwa ni spishi mpya. Mwaka 2015 ndipo wataalamu wakatangaza kuwa ni yule yule wa Asia. Ikiwa wao walihitaji miaka kumi, mkulima asione haya kuchanganyikiwa.

Wenye mabawa yaliyopakwa rangi ni akina *Ceratitis*, wenyeji wa Afrika: mikanda ya njano na kahawia, na vitone vyeusi karibu na shina la bawa. Mmoja wao, *Ceratitis cosyra*, kweli hupenda embe.

"Kila mwenye madoa ni adui." Si kweli hata kidogo. Inama kwenye kishona nguo kando ya njia, utazame ua lake kwa utulivu. Nzi mdogo mwenye mabawa kama wavu, anayetembea huku akiyapungapunga, huenda akawa *Dioxyna sororcula*. Funza wake hukulia ndani ya vichwa vya maua hayo. Anakupunguzia magugu, nawe unamwinulia kandambili!

"Ni wale wanaopanda ziwani kama moshi." Si kweli. Wale wana umbo la mbu, hukulia majini na hawagusi matunda.

"Embe bovu likishaanguka, yamekwisha." Si kweli. Funza hutoka, hujichimbia udongoni na kurudi akiwa nzi. Okota maembe hayo mapema, uyazike kina cha nusu mita.

"Mtego ukijaa, shamba limepona." Si kweli. Chambo cha methili eujenoli huvuta madume tu. Majike, ambao ndio wanaotoboa embe na kutaga, bado wako mwembeni.